Siri na Mchungaji

Mimi ni Phoebe, mke wa Patroba wa poshomili, na kama wewe ni mtu wa Lumakanda najua umeshaanza kucheka. Cheka tu, mama, cheka. Nimezoea. Nikienda sokoni kununua dagaa wa omena, wanaonipimia wanabana midomo, na nikigeuza mgongo ndipo nasikia kicheko kinapasuka. Kila mtu amesema lake juu ya mume wangu isipokuwa mimi ninayemfulia nguo. Leo nasema mimi.

Patroba si mtu mbaya. Naanzia hapo, na asiyetaka kusikia hilo aondoke. Ni mwanamume mrefu, mpole, kope zake nyeupe kwa unga kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Hajawahi kuniinulia mkono, hata siku niliyomchomea suruali ya kanisani kwa pasi. Shule aliiacha kidato cha pili na jambo hilo lilikuwa linamkula ndani kwa ndani. Wenzake wa darasani wakawa walimu na makarani, yeye akabaki kusaga mahindi ya watu. Pombe hakunywa, wanawake hakufuata. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, vitabu.

Na ungedhani ni vitabu vya maana! Kila alipoenda Kakamega mjini kutafuta mkanda wa injini au nati, alirudi na kitabu cha mtumba cha Kiingereza, kingine hakina jalada, kingine kimeliwa na panya kuanzia mwisho. Na vyote vilisema jambo moja. Padri fulani kule Ulaya anabomoa ukuta wa kanisa ili ajenge choo, anakuta ngozi ya mbuzi yenye maandishi ya zamani za mitume. Kesho yake padri hayupo. Kuanzia hapo ni kukimbizana tu: makardinali wenye bastola ndani ya kanzu, watawa wanaojua sumu, ndege kwenda Misri, pango, mlango wa jiwe. Na kule mwisho kuna siri ambayo dunia nzima ikiijua itatikisika. Lakini dunia haiijui, kwa sababu panya wameila.

"Wewe Baba Beverlyne," nilimwambianga, "Jumapili unaimba kwaya, Jumatatu unasoma kwamba wakubwa wa dini ni wauaji. Huoni haya?"

"Si dini yetu hiyo, Mama Beverlyne. Hiyo ni ya Ulaya."

"Haya. Ikija huku utaniambia."

Alisoma kwa kamusi, kidole juu ya mstari, midomo ikichezacheza. Halafu injini ya poshomili ilipozimwa ipoe, aliwasimulia watu waliokaa foleni na magunia yao. Na hapo, haki ya Mungu, mume wangu alikuwa mtu mwingine. Alisimama mlangoni mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akawa kardinali, akawa mtawa, akawa mbwa wa kardinali. Palipoliwa na panya alijaza mwenyewe. Chepkoech, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alipita poshomili nyingine mbili akija kwetu, na debe lake kichwani, ili ajue kama mtawa ametoka pangoni. Mimi nilikuwa nasikia fahari, siwezi kukataa. Mwanamke gani hapendi mumewe asikilizwe?

Ubaya ni kwamba vile vitabu vilimfundisha jicho baya. Alianza kuona alama kila mahali. Kanisa letu ni bohari ya ngano ya mzungu wa zamani, kabla shamba halijagawiwa watu, na juu ya mlango kuna herufi zimechongwa. Sisi tulipita chini yake miaka yote tukijua ni jina la mzungu na chapa ya ng'ombe zake. Patroba akasimama pale na shingo juu mpaka watoto wa Shule ya Jumapili wakaanza kumwiga.

Sasa niwaambie habari za Mama Zipporah.

Mama Zipporah alikuwa mjane, mzee wa kutosha kunizaa mimi, na kazi yake kanisani ilikuwa kutunza Meza ya Bwana. Alioka mkate usio na chachu kwenye sufuria yake mwenyewe, akaosha vikombe vidogo, akapiga pasi kitambaa cheupe, akavitia vyote katika sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Jumapili ya kwanza ya mwezi ulimwona barabarani na sanduku kichwani, anatembea wima kama bibi harusi, na hata walevi walimpisha. Mume alikuwa amefukiwa, watoto wameolewa mbali, shamba lake ni kipande cha kukalia. Alichokuwa nacho ni ile Meza. Ukiondoa Meza, Zipporah alikuwa kikongwe mmoja tu kati ya vikongwe wa Lumakanda.

Mwaka wa tisini na tano tukaletewa mchungaji mpya, Barnaba, kijana mzaliwa wa Nakuru mjini, ambaye Kiluhya chake kiliishia kwenye salamu. Mkewe Alice naye alikulia huko huko. Tukawapenda. Lakini tangu Jumapili ya kwanza Barnaba alipomega mkate, Mama Zipporah akabadilika. Alitandika Meza vizuri kama kawaida, halafu watu walipoanza kwenda mbele yeye alipita mlango wa nyuma akatoka. Kipande chake cha mkate alikifunga katika leso ndogo, akakitia sandukuni, akaenda kukila nyumbani kwake jikoni, peke yake, amepiga magoti.

Kwa nini? Jambo lenyewe ni dogo, na mtu aliyelelewa vizuri angelijua kama angeuliza. Mama yake Alice na Mama Zipporah ni watoto wa ndugu wawili. Kwa hesabu yetu hao ni dada, kwa hiyo Alice ni mtoto wa Zipporah, kwa hiyo Barnaba ni mkwe wake. Na mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hampi mkono, hamkazii macho, hatafuni akimwona. Si chuki hiyo, ni heshima. Bibi zetu walikuwa radhi kulala njaa kuliko kuonwa na mkwe wakifungua kinywa. Alice alimwita Mama kama sote tulivyomwita Mama, hajui hesabu hiyo, nani angemfundisha huko Nakuru? Na Zipporah hakueleza, kwa sababu mambo ya ukwe hayatangazwi kama mnada. Alidhani wenye macho tunaona.

Hatukuona. Patroba ndiye aliyeona, kwa lile jicho lake la vitabu.

Siku moja Mama Zipporah alileta mahindi yake kusagwa. Injini inanguruma, unga unaruka, huwezi kusikia hata kilio chako. Mume wangu akainama sikioni kwa mzee wa watu akapiga kelele: "Mama, mbona siku hizi hukai na sisi Mezani? Unatoka na mkate kwenye sanduku?"

Naye akamjibu. Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo nyumba yangu ilipovunjikia. Unajua ndimi zetu huku. Herufi ele na ere kwetu ni ndugu, mmoja hutumwa mahali pa mwenzake. Mtu akikuambia Desemba amekura, usimwulize amepigia chama gani, huenda alichinja kuku. Tunaelewana hivyo hivyo tangu zamani, hakuna aliyekufa. Mama Zipporah alikuwa anasema kwamba yeye hali na mchungaji, sili naye, ni mkwe wangu. Ila kwa ulimi wake lilitoka, "Siri na mchungaji." Na hayo mengine, yale ya mkwe, injini ikayameza.

Siri na mchungaji! Mtu mwingine yeyote angesema, nini, Mama? rudia. Lakini kichwa cha Patroba miaka yote kilikuwa kinangoja neno hilo hilo.

Alifika nyumbani macho yanawaka. Mimi nilikuwa nachambua mboga ya mrenda.

"Mama Beverlyne, kuna kitu. Amesema mwenyewe kwa kinywa chake. Ana siri na mchungaji, iko ndani ya sanduku."

"Nani huyo?"

"Mama Zipporah."

Nikacheka mpaka mrenda ukaanguka. "Zipporah na siri! Huyo hata umri wake anawaambia watu wa sensa. Rudi umwulize vizuri."

"Mtu mwenye siri haulizwi mara mbili," akasema, na uso wake ulikuwa na adabu kama anasoma Biblia. "Ukimwuliza tena anaificha."

Sikumfuata zaidi. Nilidhani itapita, kama zile herufi za mlangoni zilivyopita.

Wiki iliyofuata akawaambia watu wa foleni kwamba amepata kitabu kipya. Mimi nilijua hakuna kitabu. Mkanda wa injini ulikuwa mzima, Kakamega hakuwa ameenda. Ilikuwa hadithi ya kipande cha mkate kilichobaki siku ile Bwana alipokula na wanafunzi wake. Watawa wakakificha Yerusalemu, kikavushwa bahari, mzungu mmoja akakileta Afrika ndani ya sanduku akakizika chini ya bohari yake ya ngano. Kizazi baada ya kizazi panakuwa na mjane mmoja wa kukilinda na kasisi mmoja anayejua, na wengine wote hawajui. Yule mjane Patroba alimpa jina Zilpa. Kasisi akamwita Baraba. Jamani! Hata mbuzi angejua.

Chepkoech ndiye aliyeuliza kwanza. "Patroba, huyu Zilpa si yule mama wetu wa sanduku?"

Mume wangu hakusema ndiyo. Alitabasamu, akapangusa kope, akawasha injini. Lile tabasamu ndilo ninalomlaumia kuliko maneno yote, maana neno unaweza kulikana.

Pale foleni ilikuwa hadithi. Ilipofika kisimani ilikuwa habari. Ilipofika kwa wazee wa kanisa, Mama Zipporah alikuwa anakausha mkate wa Bwana, anausaga kwa jiwe, anaupeleka kwa mganga upande wa Turbo, na mchungaji anapata fungu lake. Ndama wa mzee Shikanga, mwenyekiti wa wazee wetu, akafa kwa kuhara, na mtu akauliza ni nani aliyepita karibu na boma lake jioni ile na sanduku kichwani. Basi. Watu waliompisha barabarani wakaanza kuvuka upande wa pili. Mama fulani akamvuta mtoto wake mkono asisalimiwe naye. Zipporah akadhani mtoto ana surua, akaniuliza mimi kama ugonjwa umeingia kijijini! Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hiyo nilimkabili Patroba kabla hajavua viatu.

"Nenda useme umetunga. Kesho asubuhi, mbele ya foleni yote."

"Nikisema nimetunga, nani atakuja tena kunisikiliza?"

"Kwani unaoa hao wanaokusikiliza? Unamwua mzee wa watu!"

"Sikutunga yote," akasema chini chini. "Yeye mwenyewe alisema siri."

Nusu alikuwa anaamini, unaona? Na ile nusu nyingine ilikuwa inaona tamu. Mtu wa kidato cha pili, wazee wa kanisa wenyewe wanamtuma mtu kuuliza hadithi imefika wapi. Mimi nilitaka kumzaba kofi. Nikampakulia chakula, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini sikukaa naye.

Jumapili ya Meza ikafika. Bohari ilijaa hata wale wanaokuja Krismasi tu. Mama Zipporah akatandika kitambaa chake, akapanga vikombe vyake, na watu walipoanza kwenda mbele akafunga kipande chake katika leso, akakitia sandukuni na kushika njia ya mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisukuma mara ya kwanza, akasukuma tena, halafu akageuka na kutuona sote tunamtazama.

"Mama Zipporah," mzee Shikanga akasema, "njoo hapa mbele na sanduku."

Akaja. Alidhani anaombwa vikombe zaidi. Mzee akamwambia afungue, akafungua, akakunjua ile leso mwenyewe, na mkate ukaonekana. Bohari nzima ikaguna. Mchungaji Barnaba alikuwa amesimama pale pale, uso umekauka, hajui hata ameshtakiwa nini.

"Kuna nini kati yako na mchungaji?" mzee akauliza.

"Hakuna kitu, mzee. Siri naye." Alikuwa ameinamisha kichwa, anaongea na sakafu.

"Hiyo siri ndiyo tunayoitaka."

"Nimesema. Siri naye. Siri mbere yake."

"Mnasikia wenyewe!" Shikanga akatugeukia. "Lisemwalo lipo. Anasema ni siri hata mbele yake!"

Utaniuliza, Waluhya wote wale, hakuna mwenye masikio? Mzee Shikanga mwenyewe huomba Mungu ambariki ashinde kira jaribu. Lakini mtu husikia lile alilokuja kusikia. Mimi nilitazama ile leso, nikamtazama Barnaba, nikaona jinsi mzee wa watu alivyomgeuzia bega asimwone uso, na neno likanifungukia. Sili. Mayi, mama yangu! Anasema sili!

Nikamgeukia Patroba. Naye alikuwa ameelewa. Masikio yake yalikuwa mekundu na jasho linamtoka puani. "Simama," nikamwambia. "Simama useme."

Hakusimama. Nikainuka mimi. Haki ya Mungu nilikuwa nimeinuka, mdomo uko wazi, na mume wangu akashika gauni langu kwa mkono wa nguvu wa kubeba magunia akanivuta chini. "Usinimalize," akasema. Mimi! Eti nisimmalize yeye.

Mbele kule mzee Shikanga alikuwa anasema, "Kama mkate huu hauna ubaya, ule hapa tukuone. Mbele yetu na mbele ya mchungaji."

Mama Zipporah akatikisa kichwa.

Na Barnaba, kijana wa watu, akidhani anamsaidia, akachukua kile kipande kwa mkono wake mwenyewe akamnyooshea. "Mama, kula tu yaishe," akasema kwa upole. Mkwe, anamlisha mama mkwe wake, mbele ya kanisa.

Zipporah akavuta leso juu ya kichwa, akageuka ukutani ili aule ndani ya kile kivuli. "Geuka tuone," Shikanga akasema. Mimi nilikuwa napigana na mkono wa Patroba, mshono wa gauni ukalia, nikajinasua, na nilipoinua macho mkate ulikuwa umeshaingia mdomoni. Alitafuna. Hana meno mengi, ilichukua muda. Barnaba alimtazama kwa huruma wakati wote, hata hakujua kwamba heshima ingekuwa kutazama pembeni.

Alipomeza akasema, si kwa sauti kubwa, "Sasa nimekura mbere ya mkwe wangu. Arice ni mtoto wa dada yangu. Mmefurahi?"

Wazee wa kike waliokuwa benchi la mbele walivuta leso zao wakafunika nyuso, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiana. Alice alipiga yowe. Mzee Shikanga alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Mama Zipporah akafungua pindo, akatoa ufunguo, akauweka juu ya Meza kati ya vikombe, akatoka kwa mlango mkubwa wa mbele. Sanduku aliliacha. Nilimtazama akienda barabarani na kichwa kitupu, na kutembea kwenyewe kulikuwa kumebadilika.

Jina la Patroba lilitajwa kabla hatujafika nyumbani, maana watu wale wale waliokuja kwa mbali kusikiliza ndio waliokuwa wa kwanza kusema ni yeye. Chepkoech alinipita bila salamu. Mchungaji alikwenda pamoja na Alice kwa mama mkwe wake kuomba radhi, akasimama uani na kofia mkononi, na Zipporah hakutoka. Angetokaje? Alikwisha kuvuliwa heshima mbele yake. Aliongea na Alice tu, kupitia dirishani, akasema hana neno na mtu. Meza wakampa mwanamke mwingine. Mkate wake ni mgumu.

Patroba akaacha kusimulia. Injini ikizimwa anakaa juu ya gunia anatazama miguu yake. Nyumbani alikula kidogo, akaniambia kwa mara ya kwanza tangu tuoane, "Phoebe, naona aibu." Nikamwambia aibu yako haimsaidii mtu ukiwa umeikalia hapa. Mimi naibeba pia, naibeba sokoni, naibeba kisimani, wala sikutunga hata neno. Shika kuku twende.

Tulienda mchana, watu wote wakituona, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Mama Zipporah alikuwa jikoni kwake. Akatukaribisha, akampokea kuku, akasema ni kuku mzuri. Patroba alipiga magoti sakafuni, mtu mrefu vile, na maneno yakakataa kutoka. Mtu aliyekuwa kardinali na mbwa wa kardinali! Alisema tu, "Mama, ni mimi. Nilikusikia vibaya, halafu nikaisimulia."

"Nimeambiwa," akasema Zipporah. Akavuta kigoda akakaa. "Rakini hiyo hadithi yenyewe mimi sijaisikia. Kira mtu ameisikia. Mimi sikuwa kwenye foreni siku hizo. Nisimurie."

"Mama, hapana. Tafadhali."

"Ni yangu. Nisimurie yote."

Nilidhani anamtesa. Nilimtazama uso, na hakuwa anamtesa. Alitaka kujua ni nini kilichosemwa juu yake mpaka watu wakavuka barabara. Basi Patroba akaanza. Kwanza sauti haikutoka vizuri, halafu ikapata njia: Yerusalemu, watawa, bahari, mzungu na sanduku, bohari ya ngano. Mama Zipporah alisikiliza na mkono shavuni. Kwenye mzungu akacheka kidogo. Alipomfikia yule mjane Patroba alisita, akamwangalia kwa woga, akaendelea: jinsi mjane alivyolinda mkate ule maisha yake yote, jinsi wenye bunduki walivyomjia.

"Wanamwambia aure?" Zipporah akauliza.

"Ndiyo, Mama. Wanamwambia aule mbele yao, ndipo watamwacha."

"Naye anaura?"

Patroba alikuwa ametunga sehemu hiyo kabla ya Jumapili ile. Watu wa foleni walikuwa wameipigia makofi. Alinitazama mimi kama nimwokoe.

"Hapana," akasema. "Hauli. Anakataa mpaka wanamwua, na mkate uko mkononi mwake."

Mama Zipporah akatazama majivu ya mekoni. Akatikisa kichwa polepole.

"Basi huyo amenishinda," akasema.

Mume wangu akajiangusha uso juu ya magoti yake, mabega yakitikisika. Mimi nikamtazama yule kuku aliyefungwa miguu pembeni, maana sikujua mahali pengine pa kuweka macho. Mama Zipporah akainuka akaongeza kuni, akabandika maji. Mgeni hawezi kuondoka kwake bila kura, akasema, hata iweje. Akatusongea ugali, akatuwekea na mboga za kunde, akatunawisha mikono mmoja mmoja, halafu akakaa mlangoni akatugeuzia mgongo ili tule kwa nafasi. Tukala. Kila tonge lilikataa kushuka, lakini kubakisha kungekuwa tusi lingine, kwa hiyo tulikula mpaka sahani ikaisha.